Sanduku Lisilosikika

"Kila kelele ya mashine ni umeme unaopotea." Fundi mmoja wa Baraka, mji wetu wa Kongo mwambaoni mwa Ziwa Tanganyika, humwambia hivyo kila mteja anayefika kwake na diski mkononi. Nimekaa mara nyingi kwenye benchi la mlangoni pake nikimtazama akifanya kazi, na naamini ufundi wake wote umo ndani ya maneno hayo. Anatengeneza kitu ambacho wengi mjini hawajui kama kipo: seva ya nyumbani ya kuhifadhia kumbukumbu. Ni sanduku la alumini linaloingia kwenye mkoba wa mwanafunzi. Ndani yake mna kompyuta ndogo isiyo na skrini wala kibodi, na diski mbili. Linaning'inia ukutani, linatumia umeme mdogo kuliko balbu za zamani, na simu zote za nyumba huliona kwa Wi-Fi hata siku ambayo mtandao umekatika mji mzima. Picha zilizopigwa mchana huhamia humo jioni, zenyewe, wenye simu wakiwa wanakula.

Kwenye miji yenye umeme wa uhakika, mtu hutafuta seva ndogo na ya kimya kwa ajili ya starehe. Hataki mvumo sebuleni wala kabati kubwa kando ya televisheni. Kwetu udogo na ukimya ni masharti ya sanduku kuishi. Umeme wa Baraka ni wa sola na jenereta, kwa hiyo kifaa chenye ulafi huzimwa wiki ya kwanza tu. Nyumba ni ndogo, na kinachonguruma usiku kitachomolewa na mwenye usingizi. Tena watu wa eneo letu la Fizi wanajua kukimbia. Vita ya 1996 na ile ya 1998 ziliwavusha ziwa maelfu kwa maelfu hadi Kigoma, wakaishi Nyarugusu na kambi nyingine. Mwaka 2005 meli za UNHCR zilianza kuwarudisha, zikawa zinashusha watu hapa hapa Baraka. Walishuka na magodoro, masufuria na karatasi za kambi. Picha za ndoa, vyeti vya ubatizo na diploma vilikuwa vimeungua, au vimeozea vilikofichwa. Mwaka 2015 ikawa zamu ya Warundi kuvuka kuja kwetu, ikafunguliwa kambi ya Lusenda kwenye barabara ya Uvira. Ukimwonyesha mtu wa mwambao huu chombo cha kuhifadhia kitu, swali lake la kwanza ni kama kinabebeka.

Fundi huyu alianza na betri za wavuvi. Wavuvi wa ndakala, yaani dagaa, walipoacha taa za mafuta na kuhamia taa za LED, betri zikawa zinapanda kila asubuhi kutoka ufukweni kwenda kuchajiwa, na jioni zinarudi mitumbwini. Kijana aliyeshika kazi hiyo alijifunza kwa mikono kwamba betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma 12.7 hivi, ikisoma 12.1 au 12.2, nusu imekwisha. Na anayeizoesha kushuka chini ya hapo anaiua kabla ya siku zake. Alipoingia kwenye kompyuta alikuja na desturi ya kuhesabu wati kabla ya kuhesabu dola. Ndiyo maana seva zake haziigi zile za Ulaya. Zinaanzia kwenye betri, na kila kitu kingine kinafuata.

Seva niliyoifuatilia tangu mwanzo hadi mwisho ilikuwa ya mpiga picha wa harusi. Watu wa kazi hiyo hujaza kadi za memori upesi kuliko wanavyoweza kuzinunua, na huyu alikuwa anaziweka kwenye mkebe wa maziwa ya unga, kila moja na kipande cha karatasi chenye majina ya maharusi. Fundi hakumuuliza ana fedha kiasi gani. Aliuliza: "Papa, betri yako ya nyumbani ni ya ampea ngapi? Sanduku litakaa chumba gani? Nani analala humo?" Majibu aliyaandika kwenye daftari la shule. Bei ilikuja mwisho kabisa, baada ya hesabu.

Na hesabu yenyewe ni hii. Kompyuta aliyochagua ni Raspberry Pi 4, bodi ya upana wa sentimita 8 na nusu kwa 5 na nusu hivi, iliyotoka mwaka 2019. Ni ya ukoo uliozaliwa Cambridge, Uingereza, mwaka 2012, ili watoto wapate kompyuta ya bei nafuu ya kujifunzia kuandika programu. Isipokuwa na kazi kubwa inatumia wati 3 hivi. Diski za inchi 2.5, zile za kompyuta za mapajani, hutumia wati 1 hadi 2 kila moja zikizunguka. Zile za inchi 3.5 za kompyuta za mezani hutaka wati 5 hadi 8, na zinapoanza kuzunguka kutoka kusimama zinaweza kuvuta zaidi ya wati 20 kwa sekunde chache. Sekunde hizo ndizo zinazoizima seva saa kumi za usiku, betri ikiwa imechoka. Kwa hiyo diski kubwa alizikataa, ingawa ukigawa bei kwa gigabaiti ni rahisi zaidi. Ukijumlisha na ruta ndogo ya Wi-Fi, sanduku zima lilikuja wati 10. Kwa saa 24 hizo ni wati-saa 240. Betri ya ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Ukijizuia kutumia nusu tu, una siku 2 na nusu bila jua. Paneli ya wati 100, siku ya jua la wastani, hurudisha wati-saa 350 hivi baada ya hasara za njiani. Hapa mvua huanza Septemba na kuendelea hadi Mei, mawingu yakakaa milimani siku nzima. Ziada hiyo ya wati-saa 110 ndiyo inayolibeba sanduku kupita siku hizo.

Mpiga picha alikuwa na kompyuta ya mapajani iliyovunjika skrini, akauliza kwa nini isigeuzwe hiyo. Wengi hufanya hivyo na si vibaya. Ina betri yake ndani, hata umeme ukikatika ghafla haianguki. Fundi alikubali sifa hiyo, kisha akageuza mashine na kumwonyesha feni iliyozibwa na vumbi na nywele. Feni inavuta vumbi la barabara ndani, inavuma, inatumia umeme, na ni kitu cha kwanza kufa. Ikifa, prosesa inapika kila kilicho jirani yake. Hana chuki na feni. Anasema tu kwamba ukihitaji feni, umeshakosea mahali fulani kwenye hesabu ya joto.

Hesabu ya joto ya Baraka si ndogo. Ziwa lenyewe liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na mchana chumba kilichoezekwa kwa mabati kinaweza kupita nyuzi 30. Bodi ya Pi 4 huanza kujipunguzia mwendo prosesa ikifika nyuzi 80. Joto hilo lazima lipate njia ya kutoka bila kusukumwa na upepo wa mashine. Dawa ya fundi ilinifurahisha kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii: ananunua amplifaya za gari zilizoungua. Ndani zimekufa, lakini ganda la kila moja ni alumini nzito yenye mbavu nyingi nje, iliyotengenezwa kiwandani kwa kazi moja tu, kutoa joto. Anatoa matumbo yote, anaosha kwa petroli, anakata upande mmoja kwa msumeno wa chuma ili diski zipite. Kisha anaweka kipande cha shaba kati ya prosesa na ukuta wa ganda.

Kipande hicho kilimchukua asubuhi nzima. Shaba ilikatwa kutoka kwenye utepe wa transfoma ya zamani, ikapigwa nyundo taratibu, kisha akabandika karatasi ya msasa juu ya kioo cha dirisha na kuanza kuisugua kwa mzunguko, akigeuza robo kila mara ili mkono usilalie upande mmoja. Kioo ndicho kitu kilicho bapa kuliko vyote karakanani. Alipaka wino wa kalamu juu ya shaba, akasugua, akatazama. Wino uliobaki ulionyesha mabonde, na palipong'aa palikuwa vilima. Akaendelea hadi wino ukafutika wote kwa pamoja. Hapo tu ndipo alipopaka mafuta meupe ya kupitisha joto, kidogo mno, kama punje ya wali. Mafuta hayo ni ya kujaza mikwaruzo isiyoonekana. Anayeyapaka kwa wingi kufidia kazi mbaya ya msasa anajidanganya, maana chuma kwa chuma hupitisha joto vizuri kuliko mafuta yoyote. Baadaye, sanduku likinakili faili mchana kutwa, prosesa haikufika nyuzi 60. Mbavu za ganda alizisimamisha wima, kwa sababu hewa ya moto hupanda; ukizilaza, inakwama katikati ya mbavu na ganda zima linachemka.

Kisha zikaja diski, na hapo ndipo ukimya unapopatikana au unapopotea.

Diski ya kuzunguka ni chombo cha kushangaza tangu mwanzo wake. Ile ya kwanza ya IBM, mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50, mashine yake ilikuwa na uzito wa tani moja hivi, na ilibeba herufi milioni 5 tu. Picha moja nzito ya kamera ya harusi leo isingeingia. Hii ya inchi 2.5 inakaa kiganjani na inabeba harusi za miaka. Sahani zake hapa zinazunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde. Kichwa cha kusoma hakigusi sahani. Kinaelea juu ya hewa inayokokotwa na mzunguko wenyewe, kwa umbali wa nanomita chache. Kwa sababu kinaelea juu ya hewa, diski ya kawaida ina tundu dogo la kupumulia lenye kichujio ndani, na juu yake watengenezaji huandika onyo kwamba lisizibwe. Kwa sababu hiyo hiyo ina kikomo cha mwinuko, kwa kawaida mita 3,000 hivi. Fundi alilihakiki hilo kabla ya kupeleka sanduku lake kwa mteja wa Minembwe, kule kwenye nyanda za juu. Wako wanaofunga diski kwa gundi na plastiki wakidhani wanaikinga na unyevu, na tundu hilo ndilo la kwanza kuzibwa.

Kitu kinachozunguka mara 90 kwa sekunde kinatetemeka, hata kikiwa kizima kabisa. Ukikaza diski kwa skrubu kwenye ganda, na ganda ukalipigilia ukutani, mtetemo unapita moja kwa moja na ukuta mzima unageuka spika. Zikiwa diski mbili ni vibaya zaidi, kwa sababu hazizunguki sawasawa kabisa. Tofauti ndogo kati yao inaleta mvumo unaopanda na kushuka, unapanda na kushuka, na sikio haliwezi kuuzoea. Fundi anazitundika kwa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, ule ule tunaofungia mizigo kwenye pikipiki. Anaukata kwa wembe kuwa mikanda yenye upana wa kidole, anaosha unga wote wa dukani, anaukausha kivulini, kisha diski inakaa hewani katikati ya mikanda 4 bila kugusa chuma popote.

Kiasi cha kukaza ndicho siri, na hakipimwi kwa rula. Mkanda uliokazwa sana unapitisha mtetemo karibu sawa na skrubu. Uliolegea unaiacha diski ikiyumba kila kichwa kinaporuka kutoka mwanzo hadi mwisho wa sahani, kikakosa mstari na kusoma upya. Fundi huusukuma mkanda kwa kidole gumba, anaachia, anatazama diski inatulia baada ya mitikisiko mingapi. Kisha anaiwasha, anachukua bisibisi ndefu, ncha juu ya ganda, mpini sikioni. Alinipa na mimi. "Papa, weka sikio hapa." Nilisikia mvumo mwembamba upande wa diski ya kushoto. Akafungua mkanda mmoja, akaulegeza kwa upana wa uzi, akafunga tena. Mvumo ukatoweka; kilichobaki ni mgongano laini wa kichwa kikitafuta faili. Kazi hii huifanya usiku, jenereta za majirani zikishazimwa, kwa sababu mchana Baraka haisikilizi kitu kidogo namna hii.

Diski iliyotundikwa hivyo haitoi joto lake kwa chuma, inategemea hewa. Kwa hiyo chini na juu ya ganda kuna nafasi zilizoachwa makusudi, zikafunikwa kwa kipande cha neti ya chandarua kilichokazwa kwa gundi pembeni. Siafu, mende na mijusi hupenda sanduku lenye uvuguvugu. Neti hiyo inavuliwa na kuoshwa kila vumbi likiishika, na kazi hiyo amekabidhiwa mtoto mkubwa wa nyumba.

Kuna kelele nyingine isiyosikika kwa urahisi, na kwa hiyo ni hatari zaidi. Diski nyingi za inchi 2.5 zimetengenezwa kwa kompyuta zinazobebwa, hivyo hulaza kichwa pembeni kila zikikaa sekunde chache bila kazi. Unasikia tiki moja ndogo. Watengenezaji wengi huhesabu kwamba kichwa kinaweza kulala na kuamka mara 300,000, wengine 600,000. Kwenye seva isiyozimwa, kikilala mara moja kila dakika, mwaka mmoja tu unakula zaidi ya 525,000. Diski inakufa changa, na mwenyewe analaumu joto. Fundi alikaa na saa ya mkononi akihesabu tiki, kisha akaingia kwenye mipangilio ya diski na kuongeza muda huo, akahesabu tena. Nimewaona mafundi wazuri ambao hawajui jambo hili kabisa. Linatenganisha sanduku la miaka miwili na sanduku la miaka minane.

Umeme nao una ujanja wake. Matundu ya USB ya Pi 4, yote kwa pamoja, hayatoi zaidi ya ampea 1.2, na diski mbili zikianza kuzunguka pamoja zinaweza kutaka karibu ampea 2. Zitawaka leo, kesho moja itakataa, keshokutwa faili zitaharibika na hakuna atakayejua sababu. Hivyo diski zina njia yao ya umeme kutoka kwenye kishusha volti, na bodi ina yake. Bodi yenyewe hulalamika volti zikishuka chini ya 4.63, kwa hiyo fundi hapimi volti penye kishusha. Anapima mwisho wa waya, mashine ikifanya kazi. Aliukata mbele yetu waya mmoja wa kuchajia simu ili mpiga picha aone nyuzi za shaba zilizomo, chache na nyembamba, kilichobaki ni plastiki tu. Akaulehemu waya mnene wa spika badala yake.

Na radi. Jimbo letu la Kivu Kusini lina Kabare, ambayo utafiti wa setilaiti uliotolewa mwaka 2016 uliiweka ya pili duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Fizi si Kabare, lakini mawingu yetu si mageni kwa mchezo huo. Waya mrefu hukusanya mshtuko hata radi ikipiga mbali, kwa hiyo hakuna waya wa mtandao unaotoka nje ya chumba. Kila kitu ni Wi-Fi. Paneli ina swichi ya kuikata, na mama wa nyumba ndiye aliyeonyeshwa kwanza mahali ilipo, kwa sababu ndiye anayekuwapo mvua ikianza.

Programu sitazikalia sana, maana hapo fundi hutumia walichojenga wengine na anasema hivyo waziwazi. Ndani kuna Debian, mfumo huria ulioanza mwaka 1993. Kuna Samba, iliyoanzishwa na Andrew Tridgell wa Australia mwaka 1992, inayofanya simu na kompyuta za kila aina zilione sanduku kama folda ya kawaida. Kuna rsync, aliyoitoa Tridgell huyo huyo na Paul Mackerras mwaka 1996, ambayo inanakili kile tu kilichobadilika.

Kinachostahili kutazamwa ni jinsi alivyozipanga diski mbili. Vitabu vingi vitakwambia uzifanye kioo, kila kinachoandikwa hapa kiandikwe na pale papo hapo. Wazo hilo na mengine ya ukoo wake yaliwekwa kwenye andiko maarufu la Patterson, Gibson na Katz wa Berkeley mwaka 1988. Fundi alilikataa kwa sababu mbili. Kioo hukuokoa diski ikifa, lakini mtoto akifuta folda ya harusi kwa bahati mbaya, kioo nacho kinafuta wakati huo huo. Pili, diski zote mbili zingezunguka muda wote. Kwake diski ya pili inalala. Inaamka mara moja kwa siku, inapokea nakala, inalala tena, na folda zilizofutwa hukaa humo siku 30 kabla ya kuondolewa. Wenzetu wa mbali hupanga kazi hiyo usiku wa manane, watu wakiwa wamelala na umeme ukiwa rahisi. Yeye ameipanga saa saba mchana, betri ikiwa imejaa na paneli ina ziada isiyo na pa kwenda. Jua ndilo linalolipa nakala. Nilipoielewa saa hiyo nilisimama kwenye benchi nikampa mkono.

Kuna diski ya tatu, isiyokaa ndani ya sanduku. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh aliieneza kanuni ya nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine. Hapa mahali pengine ni Fizi penyewe, kule juu milimani, kwa dada wa mteja; kila mpiga picha anapopanda kwa sherehe au msiba anarudi nayo, inapokea nakala mpya, kisha inapandishwa tena. Ziwa Tanganyika lilipopanda mwaka 2024 na kuingia nyumba za mwambao huko Uvira na Kalemie, hakuna aliyehitaji kuelezwa tena kwa nini nakala moja ikae mlimani. Na ili kujua kwamba nakala ni nzima, sanduku hukokotoa kwa kila faili alama ya herufi na tarakimu 64. Picha ikibadilika hata nukta moja, alama yote inakuwa nyingine. Kila mwezi alama za leo zinalinganishwa na za zamani, na matokeo yanafika kwenye simu ya mwenye nyumba kwa sentensi moja ya Kiswahili aliyoiandika fundi mwenyewe: faili zote ni nzima, au faili hii na hii ziangaliwe.

Diski zote tatu zimefungwa kwa nywila. Picha ya harusi inaonyesha nani alikaa na nani, na kwenye barabara zetu kuna siku ambazo jambo hilo linaweza kumdhuru mtu. Bila nywila, atakayelinyakua sanduku atapata chuma tu. Nywila wanaijua watu wawili, mume na mke, na haikuandikwa popote.

Siku ya kukabidhi, fundi alizima taa za chumba. Alimtaka mpiga picha, kisha mkewe, alishushe sanduku gizani: bonyeza kitufe, ngoja hadi kitaa kizimike, chomoa waya mmoja, inua kutoka kwenye ndoano mbili. Kungoja kitaa ndiyo sehemu muhimu. Diski iliyozimwa na kulaza kichwa huvumilia mtikiso wa pikipiki hadi Uvira. Inayozunguka inaweza kufa kwa kugongwa na kiti. Mkewe alifanya haraka kuliko yeye. Walirudia hadi mikono ikazoea, na fundi hakupokea fedha za mwisho kabla ya hapo.

Nafasi iliyobaki kwenye diski aliijaza bila kuombwa. Kwa kutumia Kiwix, programu iliyoanza mwaka 2007 ya kusomea Wikipedia bila intaneti, aliweka toleo la Kiswahili na la Kifaransa. Watoto wa nyumba sasa wanaisoma kwenye simu zao bila bando.

Naiona kazi hii kuwa ufundi kamili, wa daraja moja na wa anayechonga mtumbwi usiovuja, na nasikitika kwamba mjini unahesabiwa kuwa kazi ya kuchezea vifaa vibovu. Vijana wanaotaka kuujifunza wapo. Kinachokosekana ni vifaa. Basi kwa ndugu zetu walioko Nyarugusu, Marekani, Kanada, Norway na kwingineko, wanaopanga mizigo ya kuja nyumbani: mnatuletea nguo na simu, na tunashukuru. Safari ijayo wekeni katikati ya nguo hizo diski mpya za inchi 2.5, mbili kwa kila familia, na ya tatu ya kupelekwa Fizi. Zisiwe zilizokwisha tumika. Na picha za zamani za wazee mlizonazo huko, zile zilizovuka ziwa zikafika salama, zijazeni humo kabla ya kufunga sanduku la safari.